Farasi Hujifunzwa Ukiwa Chini: Kwa Wazazi na Vijana wa Lexington, Kentucky

Mgeni anayetua Lexington huona kwanza nyua ndefu za mbao, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi, na nyuma yake farasi wanakula majani kana kwamba mji ni wao. Kwa kiasi fulani ni wao. Hapa ndipo Keeneland ilipo, uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1936 ambao pia ni mnada mkubwa wa farasi. Hapa zipo hospitali zinazotibu farasi peke yao. Na hapa pia Kiswahili kinasikika madukani, makanisani na kwenye mabasi ya shule, kwa sababu familia nyingi kutoka Kongo zimekuja kuishi hapa baada ya miaka ya kambini.

Hata hivyo, farasi wengi wetu tunawapita kwa gari tu. Kijana akiwataka, swali la kwanza nyumbani huwa: atapanda lini? Kupanda ni sehemu ndogo ya kazi hii, tena ndiyo inayodai pesa nyingi. Mashamba huajiri watu wa chini: wasafisha mabanda, masaisi (watunza farasi), walinzi wa usiku wa majike wanaokaribia kuzaa, waandaaji wa farasi wa mnada, wahunzi wa kwato. Kijana wa miaka 14 anayejua kumwongoza farasi vizuri na kutambua anayeumwa ana thamani kuliko anayejua kukaa mgongoni tu.

Milango ya bei nafuu ni miwili. Wa kwanza ni 4-H, mpango wa vijana unaoendeshwa na ofisi ya ugani ya kaunti, kwa watoto wa miaka 9 hadi 18. Si lazima mtoto awe na farasi. Yapo mashindano ya kujibu maswali, ya kutambua sehemu za mwili na aina za malisho, na ya kuhukumu maumbile ya farasi, yote bila kupanda. Wa pili ni Locust Trace AgriScience Center, kituo cha shule za umma za Kaunti ya Fayette kilichofunguliwa mwaka 2011. Mwanafunzi wa sekondari hubaki kwenye shule yake na kwenda pale sehemu ya siku kusoma utunzaji wa farasi au tiba ya mifugo. Maombi hupitia kwa mshauri wa masomo shuleni, na mzazi asisubiri barua imfuate nyumbani. Amwulize mshauri mapema.

Sasa kazi yenyewe. Aliyekulia Lamu au Dodoma anamjua punda, na ujuzi huo unaweza kumponza. Punda akishtuka mara nyingi husimama na kupima mambo. Farasi hukimbia kwanza, na ana uzito wa kilo 450 hadi 550. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Mwendee kutoka pembeni, usawa wa bega la kushoto, ukizungumza ili ajue ulipo. Kuzungumza Kiswahili kunafaa kabisa.

Akishavalishwa halta, yaani ile mikanda ya kichwani isiyo na lijamu, shika kamba kwa mkono wa kulia, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ndoana iliyo chini ya kidevu. Kamba iliyobaki ikunje mkunjo juu ya mkunjo na uishike kwa mkono wa kushoto. Usiizungushe mkononi hata mara moja: farasi akiruka, duara hukaza, na kidole huenda na kamba. Tembea kati ya kichwa na bega. Ukigeuka, sukuma kichwa chake kulia ili yeye akuzunguke wewe, si wewe kumvuta aje juu ya miguu yako. Mlango wa banda ufunguliwe wote. Nyonga ikigonga fremu leo, kesho atapita hapo kwa mbio na wewe ukiwa katikati.

Kumwachia malishoni ndiko wengi wanakopigwa teke. Ingia naye, mgeuze atazame lango, lifunge, kisha uvue halta na urudi nyuma ukielekea langoni. Anayeachiwa huku akitazama malisho huondoka kwa kurusha miguu ya nyuma, na aliyemfungua yupo papo hapo. Kwenye mashamba ya Thoroughbred, farasi wa mbio, kamba huwa na mnyororo mwishoni unaopitishwa juu ya pua ili kumtuliza. Huo ni wa kuongozea tu. Farasi hafungwi mahali kwa mnyororo wa puani. Wa kufungwa hufungwa kwa kamba ya kawaida, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, usawa wa mabega yake, urefu wa kamba ukiwa kama mkono mmoja. Fundo liwekwe kwenye kitanzi cha uzi wa robota, si kwenye chuma moja kwa moja, ili akivuta kwa hofu uzi ukatike badala ya shingo kuumia.

Kwato husafishwa kila siku. Simama ukitazama mkiani, teremsha mkono mguuni na uminye taratibu nyuma ya mguu juu ya kifundo mpaka aunyanyue. Chuma cha kuchokolea kielekee kutoka kisigino kwenda mbele, kamwe si kinyume chake. Katikati ya unyayo kuna nyama ngumu ya pembetatu; mifereji ya pande zake ndiyo huficha mawe na samadi. Ukisikia harufu ya kuoza na kuona ute mweusi, hiyo ni kwato kuoza kwa sababu ya unyevu, na banda halisafishwi vya kutosha. Ukikuta msumari umezama, usiuchomoe. Mzuie farasi asitembee na mwite daktari, kwa sababu eksirei ndiyo itakayoonyesha umefika wapi, na ukishauchomoa tundu hufunga na njia hupotea. Uchuchumae, usipige magoti, ukifanya kazi karibu na miguu. Mhunzi huja kila wiki 6 hadi 8.

Tumbo ndilo linaloua. Farasi hawezi kutapika. Kila kinachoingia lazima kipite chote, na tumbo lake ni dogo kwa mwili ule. Aliumbwa kula majani kidogo kidogo karibu siku nzima. Kipimo cha msingi ni majani makavu ya asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Uzito hukadiriwa kwa utepe: mzunguko wa kifua kwa inchi, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 330, upate paundi. Kifua cha inchi 74 na urefu wa inchi 66 hutoa takriban paundi 1,095, karibu kilo 500. Huyo anahitaji paundi 16 hadi 22 za majani. Nafaka isizidi paundi 5 kwa mlo mmoja kwa farasi wa ukubwa huo, na ipimwe kwa mizani. Kopo lililojaa mahindi ni zito kuliko kopo hilo hilo la shayiri, na kosa hilo hurudiwa kila mwaka na kila kundi jipya la wafanyakazi. Kubadili chakula huchukua siku 7 hadi 10, ukichanganya kipya na cha zamani. Maji ni galoni 5 hadi 10 kwa siku. Wakati wa baridi vunja barafu kwenye ndoo, maana farasi asiyekunywa hukauka tumboni na majani hukwama.

Chakula cha ng'ombe kisikaribie. Baadhi kina monensini, dawa inayowafaa ng'ombe, lakini kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi.

Kentucky nayo ina sumu zake. Nyasi ya feskyu iliyojaa malishoni mara nyingi hubeba kuvu inayomfanya jike apitilize siku za mimba, kondo liwe nene na maziwa yasitoke, ndiyo maana majike huondolewa kwenye nyasi hiyo siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa. Maranda ya mti wa jozi nyeusi yakichanganyika kwenye matandazo ya banda, ndani ya siku moja farasi anaweza kuvimba miguu na kuumwa kwato kiasi cha kushindwa kusimama. Na mwaka 2001 mashamba ya hapa yalipoteza mimba na watoto wengi kwa ghafla. Uchunguzi uliwaelekea viwavi wa utando wanaojaa kwenye miti ya cheri mwitu. Tangu hapo ukimwona bosi anakagua miti wakati wa machipuko, unajua anatafuta nini.

Kila kijana azikariri namba za farasi mzima aliyepumzika: joto 99 hadi 101.5 Fahrenheit, mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Mapigo huhisiwa kwenye mshipa chini ya taya. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Kipimajoto huwekwa njia ya haja kubwa, kikiwa na uzi uliobanwa mkiani, kwa sababu huweza kuvutwa ndani au kuanguka. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Weka sikio ubavuni pande zote mbili usikilize tumbo likinguruma. Kimya ni habari mbaya.

Msokoto wa tumbo huanza kwa dalili ndogo. Ameacha chakula, anageuka kutazama ubavu, anachimba kwa mguu wa mbele, anainua mdomo wa juu, halafu analala na kugaagaa. Hapo ondoa chakula chote, andika saa, pima zile namba, angalia kama kuna kinyesi kipya, na mpigie msimamizi au daktari ukiwa na majibu hayo mkononi. Kumtembeza taratibu kunaweza kusaidia ikiwa anakubali na wewe uko salama; kumtembeza usiku kucha mpaka achoke hakusaidii. Dawa ya maumivu asipewe kabla daktari hajasema, maana huficha dalili zinazoonyesha kama anahitaji upasuaji.

Mwaka wa farasi wa mbio una umbo lake, na kijana akilijua anajua lini aombe kazi. Kila Thoroughbred wa hapa huhesabiwa umri kuanzia Januari 1, hata kama alizaliwa Mei. Aliyezaliwa Desemba 31 kesho yake ana mwaka mzima kwenye karatasi na atashindana na waliomzidi karibu mwaka. Mimba huchukua takriban siku 340, na kanuni za usajili haziruhusu uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu kwa mrija, hivyo dume na jike lazima wakutane. Kwa hiyo mashamba huwasha taa mabandani kuanzia Desemba, mwanga wa saa 16 kwa siku, ili majike wawe tayari kupandwa mapema, na msimu wa kupandisha uanze Februari. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kuzaa, na walinzi wa usiku huhitajika. Kanuni yao ni moja, mbili, tatu: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo litoke ndani ya saa 3. Kikitangulia kifuko chekundu badala ya cheupe, mtoto anakosa hewa; kifuko hupasuliwa papo hapo, hata kabla daktari hajafika.

Kiangazi ni cha kuandaa farasi wa mwaka mmoja kwa mnada wa Septemba pale Keeneland: kutembezwa kwa mkono, kusuguliwa kwa brashi ya mpira mpaka ngozi ing'ae, kufundishwa kusimama wima mbele ya mnunuzi. Shule zimefungwa, mikono inahitajika. Huu ndio msimu wa kijana. Ajifunze na Kihispania kidogo, kwa sababu mabandani wengi wanazungumza hicho, na saisi mzoefu kutoka Mexico au Guatemala atamfundisha mengi kuliko kitabu.

Kuna mzazi atakayesema hii si kazi ya watu wetu. Mashindano ya kwanza ya Kentucky Derby, mwaka 1875, yalikuwa na wapanda farasi 15, na 13 kati yao walikuwa weusi. Mshindi, Oliver Lewis, alimpanda Aristides, farasi aliyefundishwa na Ansel Williamson, naye mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Isaac Murphy, mpanda farasi mweusi na mtoto wa Kentucky, alishinda Derby mwaka 1884, 1890 na 1891. Baadaye wapanda farasi weusi walisukumwa nje ya uwanja na ubaguzi.

Kabla ya kusaini chochote, mambo ya karatasi. Sheria ya shirikisho hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kuajiriwa kufanya kazi ndani ya banda au ua alimo dume la kupandishia, wala kuendesha trekta kubwa bila cheti. Kofia ya kupandia iwe na alama ya usalama ya ASTM/SEI, na ikipigwa chini mara moja ibadilishwe, hata kama haina ufa. Kofia ya baiskeli haitoshi. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye kisigino. Kandambili na viatu vya mpira vyenye matundu havifai bandani. Waulize shamba kama wana bima ya ajali kazini, kwa sababu sheria ya Kentucky haiwalazimishi waajiri wa kilimo kuwa nayo, na mashamba ya kuzalisha farasi huhesabiwa humo. Uliza pia malipo ya saa za ziada, kwa kuwa sheria ya shirikisho haiwapi wafanyakazi wa kilimo nyongeza ya nusu ya malipo ya saa. Majibu yaandikwe, na kijana asianze kazi mpaka mzazi ameyasoma au amesomewa na mtu anayemwamini.