Mkono ule ulikuwa wa nani

Tangu Jumanne neno moja halinitoki kichwani. Nimeosha nalo vyombo, nimepanda nalo daladala hadi Buzuruga, nimelala nalo.

Nilikuwa nachambua dagaa huku nikisimulia tena kile kisa cha Mei 1996. Meli ya MV Bukoba imezama Ziwa Victoria, marehemu wanaletwa uwanja wa Nyamagana hapa Mwanza, nami nina miaka saba, nimesimama nje, Baba amenishika mkono. Kifungua mimba wangu akainua macho kwenye daftari la saikolojia.

“Samahani, Mama. Mwaka jana ulisema ni mjomba wako aliyekushika.”

“Ni Baba, mwanangu. Mkono wa baba yangu nitausahau?”

“Sisemi umesahau, Mama. Huenda umejazia.”

Umejazia!

Alinieleza kwa adabu, sikatai. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliandika kuhusu wanafunzi waliooneshwa filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa mwendo wa magari “yalipogongana”, wengine “yalipopondana”. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na vioo hivyo, lakini kati ya 50 wa “kupondana”, 16 walisema waliviona. Neno moja tu la muulizaji liliwajazia kumbukumbu.

Sisi tuliosoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, hatukuwa na somo hili. Saikolojia waliikuta wenzetu waliokwenda ualimu. Nilifurahi mno alipoichagua kwenye ile shule ya mtaala wa Cambridge, na ada yake mnajua tunavyoihangaikia. Wiki hii Baba watoto kapata uhamisho wa Geita na wifi kajifungua mapacha, lakini mimi bado niko na umejazia.

Kusahihishwa hakuniumi. Ila picha za Baba ninazo mbili tu, moja imeliwa na maji. Ule mkono ndiyo ilikuwa picha yangu ya tatu.

Ijumaa umeme ulikatika, akaja kukaa nami barazani.

“Mama, nisimulie tena. Sitauliza kitu mpaka umalize.”

Wamefundishwa kwamba shahidi huachwa aseme mwenyewe, asitiliwe maneno mdomoni. Nikasema. Kina mama wamejifunga kanga viunoni, mmoja kashika kiatu kimoja cha mtoto. Shati la kaki la mtu aliyesimama kando yangu. Mkono mkavu, unanuka dizeli.

Nikanyamaza. Baba alikuwa makanika wa malori, Mjomba fundi wa injini za boti. Wote wawili walinuka dizeli, na wote wametangulia.

Hakuandika chochote. Alisema tu, “Pole, Mama. Ulikuwa mdogo sana.” Miaka yote hii hakuna aliyewahi kunipa pole ya siku ile. Nililia, na nikalala vizuri.

Jana mvua imenyesha usiku kucha. Udongo chini ya lile jiwe kubwa nyuma ya choo umeanza kumomonyoka, na mwenye nyumba hapokei simu.