Nilivyoweza kuanzisha karatasi ya habari za wafanyakazi kwenye shule zetu za Kanisa hapa Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu pia kwa wasio wakatoliki maana kwenye shule zetu nao wapo wengi tu. Kuna walimu wa shule nyingine wameniuliza tumefanyaje mpaka wafanyakazi wetu wakaanza kujuana na kusaidiana, nimeona niandike yote kwa pamoja, mtanivumilia kama ni ndefu.

Mi ni mwalimu wa sekondari, shule zetu ziko kadhaa chini ya mmiliki mmoja, moja iko upande wa Nyegezi, nyingine Buhongwa, nyingine huko Kisesa njia ya Musoma, kwahiyo unaweza ukafanya kazi na mtu miaka na hujui ana watoto wangapi, mnaonana kwenye mafungo ya Kwaresima tu mnapeana mkono basi. Nilipochaguliwa katibu wa ustawi wa wafanyakazi nikakuta kazi yenyewe ilikuwa kukusanya rambirambi, yani ustawi wa mtu ulikuwa unaanza akishafiwa.

Kilichonisukuma hasa ni mzee wetu wa getini. Mtoto wake alilazwa Bugando, mzee akawa anakesha getini usiku, asubuhi anadaka daladala kwenda wodini, mchana anarudi kujinyoosha kidogo halafu jioni yuko tena lindo, na sisi wote tunampita pale shikamoo mzee, anaitika marahaba mwalimu, tunaingia zetu ndani. Tumekuja kujua mtoto ameshatoka hospitali. Na wakati huohuo ofisi ya walimu ilikuwa imejaa habari za mwalimu fulani anayesemekana anaachana na mumewe, habari ambayo hakuna aliyeiomba na mwenyewe iliishia kumkondesha. Nikaona hapa kwetu habari zinazotakiwa kufika hazifiki, zile zisizotuhusu ndo zinafika hadi Kisesa kabla ya saa nne.

Nikaenda kwa Sista mkuu wa shule. Nikamwambia Sista naomba kila Ijumaa tutoe karatasi moja, upande mmoja tu, habari za wafanyakazi wote, kuanzia mkuu mpaka anayefagia uwanja. Akanisikiliza vizuri, halafu akauliza, "Mwalimu, na siri za watu je?" Swali hilo ndo lilijenga kila kitu kilichofuata. Tukakubaliana kwamba habari ya mtu inatoka kwa mtu mwenyewe, haitoki kwa jirani yake wala kwa rafiki yake hata awe na nia njema namna gani. Nikatengeneza kikaratasi kidogo, mtu anaandika habari yake au ananisimulia naandika mimi, ananisomea au namsomea, akiridhika anasaini. Ugonjwa hatutaji jina lake kabisa. Tunaandika tu fulani anaumwa, yuko nyumbani, anapokea wageni jioni, au hapokei wageni kwa sasa anaomba sala. Hiyo ya "hapokei wageni" imesaidia mno, maana sisi tukisikia mtu anaumwa tunaenda kundi zima na soda, mgonjwa anaishia kutuhudumia sisi.

Kitu cha pili ni lugha. Shule zetu ni za mchepuo wa Kiingereza na matangazo yote ya ofisi yalikuwa yanatoka kwa Kiingereza, sasa wapishi, walinzi, mafundi, baadhi ya mametroni, unategemea wasome nini? Karatasi yetu ni Kiswahili mwanzo mwisho. Na haikai ofisi ya walimu peke yake, inabandikwa getini, bwenini kwa metroni na kwenye mlango wa stoo ya jikoni. Jikoni gundi ya seloteipu ilikuwa inaachia kwa ajili ya mvuke wa masufuria, Jumatatu unakuta karatasi iko chini imekanyagwa, basi mama mmoja mpishi akachukua uji wa ngano mzito akapaka nyuma ya karatasi kwa mwiko, akaibandika, ikashika mpaka wiki iliyofuata tukawa tunaibandua kwa kisu. Toka siku hiyo jikoni ndo wasomaji wetu namba moja, na wao ndo wa kwanza kuniletea habari Alhamisi, mtoto kapata kipaimara, binti kachaguliwa kidato cha tano, nyumba imeezuliwa na upepo kule Igombe.

WhatsApp tunaituma pia kwa wale wa shule nyingine ila kwa grupu tuliweka sharti kwamba karatasi inatumwa na katibu tu na haijadiliwi humo, mwenye swali anampigia mhusika. Grupu la kupiga soga wanalo lingine.

Kwenye misiba tulibadilisha kabisa namna ya kuandika. Zamani tangazo lilikuwa "mwenzetu amefiwa, tuwe pamoja naye katika sala", halafu kila mtu anabaki anaulizia kivyake. Saivi tunaandika msiba uko wapi, gari linaondoka saa ngapi na wapi, nauli ya anayejitegemea ni kiasi gani, na la muhimu kuliko yote nani anashika vipindi vya wanaokwenda. Hilo la vipindi ndo lilikuwa linawafanya watu wasiende, maana mwalimu anaogopa kuacha darasa la mtihani. Kwa wenye kwao Sengerema nashukuru sana Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kabla ya hapo ukienda kuzika ng'ambo ulikuwa unahesabu na foleni ya kivuko, unaweza ukafika watu wanatoka makaburini. Wenye kwao Ukerewe bado ni meli na ratiba ya meli haikusubiri, kwahiyo hao tunawapa ruhusa mapema bila maswali mengi.

Halafu kuna kipengele tulikiita Haki ya Wiki, na hiki ndo kilileta joto kidogo. Kila wiki aya moja kutoka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Kiswahili cha kawaida. Likizo ya mwaka siku 28. Likizo ya uzazi siku 84 na ukijifungua pacha siku 100. Baba aliyepata mtoto ana siku 3 za malipo. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa mbili kwa siku kwenda kunyonyesha. Likizo ya ugonjwa inaweza kufika siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili, nusu ya pili nusu mshahara. Na ile iliyonigusa mimi, mtoto wako akiugua au ukifiwa na mwenza, mzazi, kaka au dada, una siku 4 za malipo. Mzee wa getini aliposomewa hiyo alinyamaza muda, akaniambia "mwalimu kumbe ningeomba". Nilijisikia uchungu sana siku ile, mtu amefanya kazi ya Kanisa miaka yote hiyo na hajui kwamba ana siku nne za kukaa na mtoto wake wodini.

Kuna mtu wa ofisi alisema nachochea watu. Sikubishana naye, nilimpelekea mhasibu rasimu nikamwomba kila aya ya sheria aipitie kabla haijatoka na aweke saini yake, na nikaomba aongeze yeye mwenyewe maelezo ya NSSF, kwamba mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hatakiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10. Mhasibu akaipenda kazi, akawa anakaa na watu jioni anawaonyesha namna ya kuangalia michango yao kwenye simu, wengine walikuwa hawajawahi kuiona hata mara moja. Maneno ya uchochezi yakaisha yenyewe kwa sababu kilichoandikwa kilikuwa kimepita ofisini. Nawashauri wenzangu msiruke hatua hiyo.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi ambalo watu wa shule za Kanisa watanielewa haraka. Kwetu sisi mkuu wa shule ni Sista au Padre. Unapokuwa na shida ya moyo, ndoa inayumba, pombe imekuzidi, usiku hulali, mtu wa kawaida wa kumwendea ni huyohuyo mtu wa Mungu, lakini huyohuyo ndo anayesaini mkataba wako mwezi wa kumi na mbili. Unamwambiaje? Sisemi hata kidogo kwamba atatumia alichosikia vibaya, wengi ninaowajua wana moyo wa mzazi kabisa, ila wewe unayesema ndo unashindwa kusema, unabaki unatabasamu, "niko salama Sista". Nimeona walimu wazuri wakibeba mizigo hivyo mpaka presha inapanda darasani mbele ya watoto.

Kwahiyo tuliomba, na nashukuru tulikubaliwa, awepo mshauri nasaha wa nje, ambaye haajiriwi na mmiliki wa shule, hakai kwenye vikao vyetu, na haandiki ripoti ya nani amekwenda. Anakuja siku za Jumamosi na hakai ofisi ya utawala, tulimpa chumba cha nyuma ya maktaba ambacho mlango wake unaangalia miti, mtu anaingia na kutoka bila kupita mbele ya ofisi. Hilo la mlango tulilijadili kuliko hata malipo yake! Maana ungeweza kuleta mtaalamu mzuri sana ukamweka jirani na ofisi ya mkuu, asiende mtu hata mmoja. Mafungo na kitubio viko palepale na vina nafasi yake, hatukuviondoa, ila sasa mtu ana milango miwili. Wasabato wetu nao walisema Jumamosi kwao haiwezekani, na wako wengi huku kanda ya ziwa, tukaongeza Jumatano jioni.

Januari ndo mwezi mgumu kuliko yote kwetu, matokeo ya kidato cha nne yakitoka. NECTA, yani Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023 na mi naona walifanya jambo jema, lakini wazazi na wamiliki bado wanajipangia wenyewe kwenye simu zao, na mwalimu ambaye somo lake limeshuka anapita koridoni kama mtuhumiwa. Tulichofanya ni kuomba uongozi kwamba wiki ile ya matokeo kisiitwe kikao cha kuulizana, kikao kiwe baada ya watu kupumua, na kila mwalimu akae kwanza na mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia masomo ya shule, peke yao waangalie somo lake kwa utulivu. Wamekubali na inafanyika.

Na mikataba. Kila Novemba watu walikuwa hawalali, huyu kasikia anaachwa, yule kasikia anahamishiwa Kisesa, na hata masista wenyewe shirika likiwahamisha sisi tunaanza kukisia nani anakuja na atakuwaje. Hapa karatasi ilisaidia kwa kitu kimoja tu, tuliomba itangazwe tarehe ambayo kila mtu atakuwa amepewa barua yake mkononi, iwe ya kuendelea au ya kuachana. Hatukuomba majina wala sababu. Tarehe ikatangazwa, ikaheshimiwa. Wenzetu wawili watatu hawakuendelea na iliuma, lakini walijua mapema wakatafuta kazi kabla shule hazijafungwa, na kwenye karatasi ya mwisho wa mwaka tuliwaaga, kila mmoja ameandika mwenyewe sentensi zake, na zikasomwa baada ya Misa ya kufunga mwaka watu wote wakiwepo.

Gharama yake kwa anayeuliza ni rimu ya karatasi na wino, prinita ni ya shule. Mshauri ndo ana gharama ya kweli, tunachangia kidogokidogo kwenye mfuko wetu na shule inaongezea, na kama shule yenu haiwezi ongeeni na shule jirani mshirikiane mtu mmoja.

Ambao bado hatujawafikia vizuri ni madereva wa mabasi ya wanafunzi. Wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuzunguka Mkolani, Igoma mpaka Buswelu, wakirudi wanalala kwenye gari mpaka jioni, karatasi ya getini wanaipita tu. Tumekubaliana Ijumaa hii tunaanza kuwarekodia voisi fupi ya habari zilezile, na wao wamechagua mwenzao mmoja atakayekuwa ananiletea habari zao kila Alhamisi wakishaosha magari.