Muvi mbili za Carpenter kwa ploti moja

Kazi ya kuchagua muvi za tarehe 31 Oktoba imeniangukia mimi, nadhani kwa sababu nilifungua mdomo mapema. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Migosi, Kisumu, imezoea kuangalia mpira pamoja, si muvi, sembuse za kutisha. Vijana wa vyumba vya nyuma ndio walioleta habari ya Halloween, na wao walitaka tuweke chochote kitakachopatikana. Mimi nikasema tuchukue mwelekezi mmoja, tukae naye usiku mzima tumjue tabia. Nikamtaja John Carpenter, Mmarekani wa muvi za kutisha. Hakuna aliyemjua. "Basi leta wewe."

Mama wa nyumba ya kona, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, aliniuliza kama hii si sherehe ya mashetani. Nikamwambia, Mama, tarehe 1 Novemba kanisani ni nini? Watakatifu Wote. Huu ni mkesha wake, ila Wamarekani wameuvisha vinyago. Aliguna, hakukataa. Atakuja na sufuria ya mahindi ya kuchemsha, lakini akiona msalaba unachezewa ataondoka nayo. Hapo Prince of Darkness ya 1987 ikafa papo hapo. Ndani yake shetani amehifadhiwa kama uji wa kijani kwenye mtungi chini ya kanisa moja huko Los Angeles, na padri anaita wanasayansi waje kuupima. Naipenda sana. Nitaiangalia peke yangu.

Mtu angedhani kuanzia hapo ni rahisi: usiku wa Halloween, weka Halloween, muvi yake ya muuaji mwenye kinyago. Na kweli ile ya 1978 ina mengi ya kusimulia. Iligharimu takriban dola 300,000, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani, kimetengenezwa kwa sura ya nahodha wa tamthilia ya Star Trek. Wakakipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho. Hadithi inatokea Oktoba, majani yakipukutika, lakini picha zilipigwa California miti ikiwa ya kijani, kwa hiyo walipaka majani rangi, wakayamwaga barabarani, kisha wakayaokota yatumike tena. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe, kwa mapigo matano ambayo babake, mwalimu wa muziki, alimfundisha utotoni kwa ngoma za bongo.

Nilipomsimulia Mzee wa nyumba namba moja, aliuliza swali moja tu: huyo muuaji anakimbia?

"Hapana, Mzee. Anatembea."

Mzee ametoka Seme. Kwao jajuok, mchawi wa usiku, anajulikana kwa mbio: anarusha mawe kwenye bati, anatikisa mlango, ukitoka na tochi ameshavuka shamba la tatu. Alifikiria kidogo. "Basi huyo ni mbaya zaidi. Anayekimbia anaogopa kushikwa."

Sijasoma mchambuzi aliyeisema vizuri kuliko hapo. Hata hivyo nimeiondoa kwenye orodha, na vijana wamenuna. Sababu yangu ni sehemu moja ya karibu na mwisho. Msichana anatoka mbio nyumba ya pili, anagonga mlango wa jirani akilia aokolewe. Taa ya barazani inawaka. Jirani anachungulia. Taa inazimwa. Muvi nzima inasimama juu ya huyo jirani, na hapa kwetu hatasimama. Mwanamke akipiga ukemi saa nane usiku Migosi, milango yote inafunguka, watu wanatoka na rungu na miiko, wengine bila shati, kabla hata hawajajua ni nini. Najua kabisa Mama atasimamisha muvi aulize majirani wako wapi, na tukishaanza hiyo kesi hatutarudi kwa muuaji tena.

Mtu akiangalia peke yake huogopa kwa niaba ya yule msichana. Watu thelathini kwenye uwanja wa kuanikia nguo wanahitaji muvi inayowaogopesha kama kundi. Carpenter anazo.

Ya kwanza itakuwa The Fog, ya 1980. Wengi huiweka chini, na Carpenter mwenyewe hakuridhika na toleo la kwanza, akarudi kupiga sehemu za ziada. Moja ya hizo za ziada ndiyo iliyonishawishi. Muvi inaanza na mzee ufukweni usiku, watoto wamemzunguka kando ya moto, ana saa ya mfukoni mkononi, anawasimulia habari ya meli iliyozama miaka 100 kabla. Ni paukwa isiyo na pakawa. Watoto wetu wataweza kuangalia hadi hapo, halafu wapelekwe kulala kwa nguvu.

Baada ya hapo kinakuja kitu kutoka majini. Ukungu si shida yetu sana, lakini mtu wa Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria, anajua kulala ziwa likiwa wazi na kuamka gugu maji limefunga ufuo, boti za nchi kavu hazitoki na waliokesha wakivua hawana pa kuingilia. Ukungu wa Carpenter unakwenda kinyume cha upepo, nao umekuja kudai deni la wizi uliofanywa na waanzilishi wa mji. Wajukuu ndio wanaolipa. Hilo halihitaji mkalimani. Na akina mama nitawaambia mapema kwamba Jamie Lee Curtis humo ndani yuko na mamake mzazi, Janet Leigh, yule aliyeuawa bafuni katika Psycho ya 1960. Wanapenda kujua nani ni mtoto wa nani.

Ya pili ni The Thing, ya 1982. Wanaume 12 kwenye kituo cha utafiti Antaktika, na kiumbe kinachoweza kuwa yeyote kati yao. Ilitoka wiki mbili baada ya E.T., watu wakiwa bado wanampenda mgeni mpole wa angani, na wakosoaji waliiponda. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Sista wa chumba cha sita, muuguzi wa hospitali, ambaye amebadilishana zamu ili awepo, nilimweleza ile sehemu ya kupima damu: watu wamefungwa vitini, kila mmoja anachanjwa kidole, damu inatiwa kisahani, halafu inachovywa waya wa moto kuona ipi itaruka. "Na kisu ni kimoja?" akauliza.

Vijana wanataka muvi ya DJ, iliyotafsiriwa kwa vichekesho. Kwa The Fog nimekubali. Kwa The Thing, hapana, DJ ataongea juu ya kimya chote. Na shuka la sita kwa sita nililopima ukutani litaonyesha picha ya futi sita kwa mbili na nusu tu, kwa sababu Carpenter hupiga picha pana na mambo yake huyaficha pembeni. Nusu ya shuka itabaki tupu. Wazoee.

Lililobaki ni stima. Mita yetu ni ya pamoja, na kwa muda sasa tokeni zinaisha kabla ya wakati. Kila mlango unaamini mlango mwingine unapikia koili, jiko la umeme, usiku. Keateka, msimamizi wa ploti, ameagiza kila nyumba ichange shilingi 50 za projekta na spika. Wa kwanza kutuma alikuwa yule yule tunayemshuku kwa koili, na tayari kuna wanaosema hiyo ndiyo dalili.