Chai ya Gatundu

Mwaka 1969 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Murang'a, nimechumbiwa, na mshahara wangu ulikuwa umeshamnunulia mama mabati ya jikoni. Tom Mboya, waziri Mluo ambaye wengi walimwona kama mrithi wa Rais Kenyatta, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai. Hazikupita siku nyingi, malori yakaanza kuzunguka vijijini usiku kuchukua watu kwenda Gatundu, nyumbani kwa Kenyatta, "kunywa chai". Hakuna aliyeuliza ni chai gani. Kilikuwa kiapo, kwamba bendera ya Kenya haitatoka katika nyumba ya Mumbi, yaani kwetu sisi Wakikuyu.

Baba alikuwa ndugu wa uamsho, mmoja wa wale waliookoka waliokutana kutubu mbele ya wenzao na kutembea nuruni. Siku za Mau Mau alikataa kiapo, akisema amekwisha kunywa damu ya Yesu na hawezi kunywa nyingine juu yake. Alikatwa panga. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Akivaa koti, ilibidi mama amvutie mkono wa nguo. Nilikua nikiliona koti lile kila Jumapili, na nadhani ndiyo maana niliogopa kuliko walimu wenzangu.

Nilimwendea mchungaji mmoja nikitafuta ruhusa, nami nikaipata. "Nenda urudi salama, mwalimu," akaniambia. "Mungu huangalia moyo, haangalii mdomo." Nilishukuru, nikaaga. Njiani nikaanza kujiuliza: kama mdomo si kitu, kila Jumapili tunaposimama kukiri imani huwa tunatumia nini?

Basi nikamwomba baba aniambie la kufanya. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo baba aliniita mama hadi alipofariki. "Mama," akasema, "mimi nilikataa changu. Chako siwezi kukukatalia." Akaendelea kupukuchua mahindi. Nilimkasirikia usiku kucha.

Walipokuja niliwatambua kwa sauti. Mmoja mwanawe alikuwa darasani kwangu. "Mwalimu, panda gari, wenzako wanangoja." Nilikuwa nimejiandalia maneno, tena na aya za Biblia, na yote yakanitoka. Tumbo lilikuwa likinikata. Nikashika mwimo wa mlango na kusema, "Mimi sipandi." Akauliza kwa nini. "Mimi ni wa Yesu." Sauti ilitetemeka mpaka nikaona haya. Kofi la kwanza lilinitupa juu ya taa ya chemni, kioo kikavunjika, tukabaki gizani, mama akipiga mayowe na mateke yakija nisijue yanatoka upande gani.

Kanisani watu hupenda kusikia kwamba hofu iliniacha na kwamba malaika walisimama mlangoni. Hofu haikuniacha, nilikataa nikiwa nayo. Na nilichosikia mimi ni dereva akipaza sauti kwamba lori limejaa, twende. Kama ni Mungu aliyelijaza, sina ubishi. Lakini waliolijaza walikuwa majirani zangu, wengine washirika wa kanisa letu, na sijapata kuwaona kuwa wabaya. Baadhi yao walirudi wakalia mbele ya ndugu.

Michubuko ilipona. Yaliyofuata ndiyo yaliyochukua muda. Mchumba wangu aliandika barua kutoka Nairobi kwamba wazazi wake hawataki mkamwana anayewaona washenzi, neno ambalo sikuwahi kulitamka. Wakadai mahari yao. Baadhi ya mbuzi tulikuwa tumeshawala, kwa hiyo baba akauza ng'ombe ili wafidiwe, akawaswaga mbuzi waliobaki yeye mwenyewe hadi kwao. Hakunilaumu hata kwa kuguna. Pengine angenilaumu kidogo ingekuwa nafuu kwangu.

Tukabaki na ng'ombe mmoja. Kila asubuhi mama alipeleka maziwa kituoni, na karani akayakataa bila hata kuchovya kipimo. "Yamechacha." Mama alirudi nayo, tukanywa tuliyoweza, mengine wakanywa mbwa. Sikukuu ya Krismasi ilikuwa ikikaribia na hatukuwa na pesa hata ya sukari.

Wakati huo kelele zilikuwa zimeshasikika juu. Bungeni jambo lilizungumzwa, viongozi wa makanisa wakapinga waziwazi, na Target, gazeti la Kikristo lililohaririwa na Henry Okullu, likakemea. Malori yakaacha kuja. Hakuna aliyetangaza lolote kijijini kwetu. Asubuhi moja tu karani alichovya kipimo, akaandika lita, akampa mama kikaratasi chake.

"Leo hayajachacha?" mama akamuuliza.

"Leo ni mazuri, mama mwalimu."