Jiwe la "bin fulani" Cornwall

Nisidanganye, mi Cornwall, kule kusini-magharibi mwa Uingereza, nilifuata bahari. Ila shemeji yangu kakaa Uingereza miaka mingi na akikushika na mambo ya kale hakuachii, akasema shem huondoki huku hujaona jiwe la maandishi. Basi tukalala Penzance, ndo mwisho wa reli pale, asubuhi tukatoka na gari kupitia Madron kuelekea Morvah. Hiyo njia nyembamba balaa, kuta za mawe huku na huku, mkikutana na trekta lazima mmoja arudi rivasi na kila mara aliyerudi ni sisi.

Gari tukaliacha tukaingia kwa miguu kwenye matope. Unapitiliza Mên-an-Tol, lile jiwe la duara lenye tundu watu wanalopita wakipiga picha, alafu mbele kidogo unaliona limesimama peke yake katikati ya shamba, refu kama mtu. Mên Scryfa, maana yake kwa lugha ya zamani ya huko ni jiwe la maandishi. Sasa maandishi yako wapi? Nimezunguka weee, naona kuvu tu, kimoyomoyo nishaanza kumlaumu shemeji. Kumbe yamechongwa kwa kushuka chini na yamefifia, tukangoja mpaka jua la jioni likalipiga kwa ubavu ndo herufi zikatoka, nikazifuata kwa kidole: RIALOBRANI CUNOVALI FILI.

Yani "la Rialobran mwana wa Cunoval". Bin kabisa! Karne ya 5 au ya 6 hiyo, Warumi washaondoka, wenyewe nyumbani wanaongea lugha yao, lakini mkubwa akifa anaandikwa Kilatini, kama kwetu pwani marehemu kaongea Kiswahili maisha yake yote na kaburini anaandikwa Kiarabu. Jina Rialobran wanasema maana yake kunguru wa kifalme. Kunguru jamani, mtu wa Dar umwambie hivo mtapigana.

Kesho yake tukapita kijiji cha St Cleer, hukohuko Cornwall, pale jiwe lipo kando ya barabara tu: DONIERT ROGAVIT PRO ANIMA, Doniert aliomba kwa ajili ya roho. Inaaminika ndo Dungarth, mfalme wa Cornwall aliyekufa maji mwaka 875 hivi. Shemeji akauliza roho ya nani sasa. Nikamwonyesha, maandishi yanaishia hapo hapo.