Moto Uliokuwa Ukipumua

Asubuhi ile kambini nilikuwa wa kwanza kuamka, nikaamua kuchemsha maji kwa jiko dogo la gesi la mjomba. Liliwaka vizuri, kisha moto ukaanza kunywea na kuvimba, kunywea na kuvimba, kama kitu kinachopumua. Ncha zake zilikuwa za njano, na sufuria ikaanza kushika masizi.

"Shikamoo, mjomba," nilimwambia alipotoka. "Hebu tazama moto huu."

"Marahaba. Gesi imekwisha hiyo."

Aliuinua mtungi, tukasikia gesi ikicheza ndani. Akasema basi ni baridi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, maana gesi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi wenyewe, shinikizo likashuka. Lakini ile ilikuwa propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ingekuwa butani, ambayo karibu na sifuri haitoi mvuke wa kutosha, ningekubali. Tena mtungi ukipoa moto hufifia polepole. Haupandi na kushuka.

"Basi ni upepo. Tuliingize hemani."

Nilikataa, nikakataa kabisa. Moto wa njano ni moto usiopata hewa ya kutosha, na moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu wamefia mahemani kwa ajili yake. Jiko lolote la gesi lisiwashwe hemani, na lile lenye moto mbovu ndiyo kabisa.

Nikazima. Nikafunga valvu ya mtungi, nikaichomoa regyuleta, kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi, nikairudisha na kufungua valvu taratibu, kwa sababu regyuleta nyingine hubana gesi ikifunguliwa ghafla, zikidhani kuna uvujaji. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio. Hakuna lililotoa mapovu. Mpira wa gesi haukuwa umejikunja. Nikawasha: njano ileile.

Kwa hiyo gesi ilikuwa inafika. Kilichopungua ni hewa, na propani ina kiu kubwa ya hewa: ujazo mmoja wake huhitaji takriban ujazo 24 wa hewa ili uungue wote. Hewa hiyo huingia kwenye bomba fupi lililo kati ya kitundu cha gesi na kichwa cha jiko. Jiko lilipopoa nikalifungua hapo.

Ndani mlikuwa na utando wa buibui, mweupe, umejaa nusu ya bomba. Jiko lilikuwa limekaa stoo muda mrefu, na buibui wadogo hupenda mabomba kama hayo. Kilichonitisha zaidi ya masizi ni kwamba utando ukiziba sana, gesi hurudi nyuma na kuwaka nje ya bomba, karibu na valvu, pale pale mkono ulipo.

Mjomba alikwisha kutoa sindano azibue kitundu cha gesi.

"Hapana, mjomba. Kitundu hicho kina kipimo chake. Kikitanuka, moto hautakaa sawa tena."

Tukasugua bomba kwa brashi laini, tukaliunga, tukarudia sabuni. Moto ulisimama, wa buluu, mfupi, ukivuma kwa sauti moja. Mjomba aliutazama kidogo, kisha akaelekea garini.

"Unakwenda wapi?"

"Kulileta lile la pili," akasema. "Nalo lilikuwa stoo."