Nilivyolirudisha shamba la mpunga lililoingiwa na maji ya bahari

Bonde letu liko kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, na kati yake na bahari hapana kinga ila ukanda wa mikoko uliopungua sana kwa kukatwa kuni za majumbani na za tanuri za chokaa. Zamani maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yaliishia mikokoni. Miaka ya karibuni, hasa katika bamvua kubwa za Machi na Septemba, hufika majarubani, yaani kwenye vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, kimo ambacho mtu akikitazama kwenye rula hukidharau, lakini penye bonde tambarare huipa bahari njia ndefu ya kuingilia.

Wenzangu wengi waliona dawa ni tuta. Tulilijenga, kwa udongo wa mfinyanzi na magunia ya mchanga, ila nashikilia kwamba tuta lisilo na mlango ni balaa jingine, kwa kuwa maji ya bamvua kubwa yakishalipita, chumvi yake haina pa kutokea. Kwa hiyo tulilaza bomba chini ya tuta, na mdomo wake wa baharini tukaufunika kwa ubao ulioning'inizwa kwa vipande vya mpira wa tairi: bahari ikijaa huusukuma ubao ukajifunga, na ikipwa maji ya shambani huufungua yakatoka.

Masika yalipoanza sikuharakia kupanda. Niliacha mvua ijaze majaruba, nikavuruga tope kwa jembe, kisha nikayatoa maji wakati wa kupwa, na nikarudia hivyo mpaka maji yaliyotuama yakawa hayana ladha ya chumvi ulimini (kifaa cha kupimia sina, na ulimi haujanidanganya sana). Kitalu nilikiweka juu, karibu na kisima cha maji baridi, kwa sababu mpunga mchanga huunguzwa na chumvi upesi kuliko uliokomaa. Nikapandikiza miche iliyopita mwezi mmoja, mitatu mitatu kwa shimo. Hatari nyingine ni wakati wa kuchanua, kwani chumvi ikizidi hapo masuke hutoka mapepe matupu, nami nilijitahidi uchanue mvua zingalipo.

Kazi haikwisha kwa mavuno. Wakati wa kaskazi, jua likikausha ardhi, maji ya chini hupanda yakiwa na chumvi na kuiacha juu kama ukoko mweupe. Ndiyo maana siku hizi sichomi mabua, bali nayatandaza shambani yafunike udongo.

Mavuno hayajafikia yale ya zamani, lakini mchele wa nyumbani unapatikana. Majaruba yanayopakana na tuta sikuyapigania: nimeyaachia nyasi zinazostahimili chumvi, ambazo ng'ombe huzila, na upande wa nje tunapanda mikoko upya.